Vidonge vya asubuhi vilivyowarudisha baba na kaka yangu mezani

Kuna wimbo wa Kiingereza unaopigwa sana redioni kwenye vipindi vya usiku vya zilipendwa. Unaitwa Father and Son, yaani Baba na Mwana. Wengi wa rika langu tuliufahamu kwa sauti za Boyzone, kundi la vijana wa Ireland waliourekodi mwaka 1995. Lakini mwenyewe ni Cat Stevens wa Uingereza, aliyeutoa mwaka 1970 kwenye albamu yake ya Tea for the Tillerman.

Ni wimbo wa watu wawili wanaozungumza. Baba anamsihi kijana wake atulie, asiwe na haraka, afikirie kuoa. Kijana naye anasema lazima aondoke, na kwamba hapo nyumbani hasikilizwi. Cat Stevens anaimba sehemu zote mbili peke yake: ya baba kwa sauti nzito ya chini, ya kijana kwa sauti ya juu yenye uchungu.

Ukiusikiliza kwa makini utagundua kwamba hawa wawili hawajibizani. Kila mmoja anasema lake, tena kwa upendo, na hakuna aliye mbaya kati yao. Baba haelewi kijana anataka nini, na kijana hasikii baba anaogopa nini. Wimbo unaisha bila wao kupatana.

Kwa miaka 10 familia yetu iliishi hivyo hivyo. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na kwa kawaida nasimulia ya watu wengine. Leo nasimulia ya kwetu, kwa ruhusa ya baba na ya kaka yangu, ambaye aliniomba kitu kimoja tu: nisitaje jina lake.

Asiyesikia la mkuu

Kwetu ni Kondoa, mkoani Dodoma. Baba alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima unamwita Mwalimu. Nyumbani tulilelewa kwa ratiba: saa ya kuamka, saa ya kuswali, saa ya daftari. Kaka, aliyenitangulia miaka minne, alipomaliza kidato cha nne baba alikuwa ameshamtafutia fomu ya chuo cha ualimu. Aliijaza mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ilibaki sahihi tu.

Kaka hakusaini. Rafiki zake wawili walikuwa Mererani wakichimba tanzanite, na mmoja alikuwa amerudi sikukuu ya Idd na pikipiki mpya. Asubuhi moja kaka alimuaga mama, akabeba begi lake, akaenda kupanda basi la Arusha. Baba alikuwa uani anapepeta alizeti. Hakuinua uso. Alisema tu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaendelea na ungo wake.

Baada ya hapo waliongea kupitia kwangu. Nikiwa sekondari, kisha chuoni, kisha kazini Dar es Salaam, simu yangu ilikuwa posta ya watu wawili. "Mwambie kaka yako mvua zimeanza." "Mwambie mzee nimetuma laki moja kwenye simu ya mama." Kaka alikuja nyumbani sikukuu chache. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, na maneno yao yakaishia hapo mpaka siku ya kuondoka.

Jina la wimbo kwa Kiingereza linamtaja mtoto wa kiume peke yake. Kwa Kiswahili "mwana" ni yeyote, hata mimi. Lakini nilipokuwa nikiusikiliza sikujiona kwenye sehemu ya baba wala ya kijana. Nilijiona mahali ambapo wimbo haukuweka mtu, pale katikati. Familia nyingi za kwetu zina mtu wa hapo katikati. Mara nyingi ni mama, au binti. Anapooza maneno makali, anaongeza salamu ambazo hazikutumwa. Anasaidia watu wasigombane, na wakati huo huo anawapa nafasi ya kutozungumza.

Mwimbaji aliyelazwa

Kazini niliwahi kuandaa makala ya kifua kikuu, na katika kusoma huku na kule nikakutana na jina la Cat Stevens. Sikulitegemea hapo.

Alizaliwa London mwaka 1948, jina lake la kuzaliwa likiwa Steven Georgiou. Baba yake alitoka Cyprus, mama yake Sweden, na familia iliendesha mgahawa katikati ya jiji. Kabla hajafika miaka 20 alikuwa tayari nyota. Kisha mwaka 1969 akapatwa na kifua kikuu, akalazwa miezi kadhaa, halafu ikamchukua kama mwaka mzima kurudi katika hali yake. Dawa zilikuwepo wakati huo, ila matibabu yalikuwa marefu kuliko ya leo. Katika kipindi hicho cha kukaa kimya aliandika nyimbo nyingi, na zilizofuata hazikufanana na za mwanzo. Mwaka uliofuata albamu yenye wimbo wa baba na mwana ikatoka.

Wimbo wenyewe aliuanza kwa ajili ya mchezo wa kuigiza kuhusu mapinduzi ya Urusi: kijana wa familia ya wakulima anataka kujiunga na wanamapinduzi, baba yake anataka abaki shambani. Mchezo haukukamilika, wimbo ukabaki.

Mwaka 1977 mwimbaji huyo akasilimu. Akachukua jina la Yusuf Islam na kuacha jukwaa kwa miaka mingi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu ofisini. Tulipokuwa wadogo, baba alituletea nyumbani kanda ya Yusuf Islam ya kufundishia watoto, A Is for Allah, iliyotoka mwaka 2000. Ni katika vitu vichache vya Kiingereza vilivyoruhusiwa sebuleni kwetu. Chumba cha pili, kaka alikuwa na spika za masikioni akisikiliza Boyzone. Watu wawili waliokuwa hawaelewani chini ya paa moja walikuwa wakipenda kazi za mtu mmoja, na hakuna aliyejua.

Kikohozi cha miezi mitatu

Mwaka jana mwezi Januari kaka alinipigia simu. Kila sentensi ilikatwa na kikohozi. Nikamuuliza maswali ninayowauliza madaktari kila wiki: umekohoa muda gani? Miezi mitatu. Unatoka jasho usiku? Mpaka shuka inalowa. Umepungua? Akanyamaza kidogo, akasema mkanda umeongezwa matundu mawili.

Alidhani ni vumbi. Wachimbaji wengi hudhani hivyo, na vumbi lina mkono wake kweli. Vumbi la mwamba lenye silika likiingia kwenye mapafu kwa miaka huyaacha dhaifu mbele ya vimelea vya kifua kikuu. Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa, na kaka alikuwa amepitisha wiki 12. Wanaume kuchelewa ni jambo la kawaida. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023, na asilimia 55 kati yao walikuwa wanaume watu wazima.

Alitoa makohozi, yakapimwa, majibu yakaja: kifua kikuu. Uzito wake ulikuwa kilo 48. Dawa Tanzania ni bure na matibabu yake ni ya miezi sita, kila siku bila kuruka. Mgonjwa akiruka, vimelea vinaweza kuwa sugu, na hapo matibabu huwa magumu zaidi. Ndiyo maana huhitajika mtu wa karibu wa kumsimamia mgonjwa, amwone akimeza. Kaka aliomba kuhamishiwa zahanati ya nyumbani, na alipoulizwa msimamizi wake nani, akaandikisha jina la mama.

Alifika Kondoa jioni. Mama na shangazi wawili walikuwa sebuleni, na kwa maelezo yao wote walikuwa wakisubiri ile methali. Guu lilikuwa limevunjika, mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Baba alimwangalia kaka kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Karatasi za zahanati ziko wapi?" Akazisoma zote, mbele na nyuma, miwani ikiwa puani. Kisha akasema, "Hapa pameandikwa jina la mama yako. Kesho tutakwenda wabadilishe. Nitasimamia mimi."

Daftari la mahudhurio

Zahanati walimpa kaka kadi ya matibabu. Baba hakuridhika na kadi peke yake. Alinunua kaunta buku, akachora mistari kwa rula, akaweka tarehe pembeni. Kila siku baada ya swala ya alfajiri walikaa uani penye hewa, kwenye meza ya mbao ambayo mama huchambulia mchele. Vidonge vitatu, kikombe cha maji.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Vyema kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa kwanza hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Siku moja katika wiki ya kwanza kaka alitoka chooni amepigwa na butwaa kwa sababu mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa. Kabla hajasema lolote baba alimwambia, "Ni rangi ya dawa hiyo, rifampisini. Nilimuuliza muuguzi." Mama alinipigia simu usiku huo, si kwa habari ya mkojo, bali kunieleza kwamba baba amemwambia kaka sentensi mbili mfululizo.

Mtoto wa dada yetu, mwenye miaka mitatu, anaishi pale nyumbani. Watoto wa umri huo wakiishi na mgonjwa hutakiwa kuchunguzwa, na wakikutwa hawana ugonjwa hupewa dawa za kinga. Baba alimpeleka mwenyewe, akarudi akamchorea safu yake kwenye daftari. Mtoto akawa anakuja mezani na uji wake, akimwuliza mjomba wake, "Umemeza?" kabla babu hajauliza. Ni vigumu watu wawili kuendelea kununiana mbele ya mtoto wa miaka mitatu anayewasimamia.

Mwezi wa pili ulipoisha makohozi yalipimwa tena, yakawa safi. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kaka alitaka kufunga. Alisema ameshapata nguvu, na kwamba ni aibu mwanaume mzima kula mchana nyumbani kwa Mwalimu. Muuguzi alikuwa ameshamshauri asubiri. Baba, ambaye tulipokuwa watoto alitufundisha kufunga nusu siku tangu tukiwa na miaka saba, alikwenda jikoni mwenyewe, akaleta bakuli la uji wa uwele, akaliweka mbele yake.

"Mgonjwa ana ruhusa," alisema. "Kula."

Kaka alipoona aibu kula peke yake, baba, aliyekuwa amefunga, alikaa naye pale mpaka bakuli likaisha. Alifanya hivyo mwezi mzima.

Dozi ya kifua kikuu hupangwa kwa uzito. Mwezi wa nne kaka alifika kilo 56, vidonge vikaongezwa kutoka vitatu hadi vinne. Baba akaandika pembeni mwa daftari: "Amepanda darasa." Nina picha ya ukurasa huo kwenye simu yangu.

Leseni ndani ya sanduku

Nilikwenda likizo mwezi Mei nikayaona kwa macho yangu. Walikuwa wanaongea. Baba ndiye alikuwa anauliza. Kule chini mnapumua vipi? Kaka akaeleza habari za mashine inayosukuma hewa kwenye mpira, ngazi, kamba, tochi za kichwani. Mnalipwaje? Akaeleza kwamba mwenye mgodi huwalisha na kuwapa vifaa, na malipo ni mgawo siku jiwe likitoka. Na lisipotoka? Mnakula tu mnasubiri. Baba akatikisa kichwa. Kwa miaka 10 alikuwa ameniuliza mimi kama kaka anaswali, kama anakula, kama anakunywa pombe. Lakini kaka hakuwahi kuulizwa kazi yake ikoje.

Kaka naye akauliza lake: "Baba, wewe ualimu uliupenda tangu mwanzo?"

Baba alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na leseni ya udereva ya mwaka 1981, karatasi imegeuka rangi kama majani ya chai. Alijifunza kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa alizeti. Alitaka kuendesha mabasi ya masafa marefu. Babu alikataa, akamwambia jina lake limetoka la kwenda ualimu na mambo yameisha. Baba akatii, na hakuwahi kushika usukani tena. Mama alikuwa ameolewa naye zaidi ya miaka 35 na hakuwa ameiona karatasi hiyo.

"Sikujutia," alisema baba. "Ila nilijua gharama yake."

Hakusema zaidi, na hatukumwuliza. Lakini hapo ndipo nilipoielewa ile sauti nzito ya wimbo. Nilizoea kuisikia kama sauti ya mtu aliyesahau ujana. Kumbe inaweza kuwa ya mtu anayeukumbuka vizuri sana: aliyeombwa kukaa, akakaa, na anashangaa kwa nini mwanawe asiombwe kitu hicho hicho.

Madirisha mawili

Mwezi Julai kaka alimaliza dawa, na makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Baba akapiga mstari chini ya safu yake, akaandika "Amehitimu." Mama akachinja kuku.

Wiki mbili baadaye kaka akasema anaondoka tena. Shimoni harudi, daktari amemkataza vumbi, ila rafiki yake ana biashara ya kununua na kuuza mahindi Babati na anamhitaji. Mama alinitazama. Mimi nikajua beti inayofuata.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiyo stoo ya mahindi ina madirisha?"

"Yapo mawili, baba."

"Yanafunguka?"

"Yanafunguka."

"Haya."

Siku ya safari alimsindikiza mpaka stendi, akambebea begi. Siku hizi wanapigiana simu wenyewe. Simu yangu imekuwa kimya upande huo, na sina malalamiko.

Wewe uko sehemu gani?

Mwaka 2020, Yusuf alitoa toleo jipya la albamu yake baada ya miaka 50. Kwenye wimbo wa baba na mwana, sehemu ya kijana walitumia sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1970, akiwa na miaka 22. Sehemu ya baba aliiimba upya akiwa mzee. Mtu yule yule, mwenye watoto wake sasa, amehamia upande wa pili wa mazungumzo. Nilimpigia kaka simu, nikamwekea masikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu mzee anaongea kama Mwalimu." Kisha akataka nimtumie, akampelekee baba. Baba alijibu kwamba sauti anaijua, ni ya yule wa kanda ya watoto.

Mzazi unayesoma haya, huenda una kijana aliyekata mguu nyumbani, au yupo chumba cha pili lakini mnaongea kupitia mama yake. Sina fomula ya kukupa. Nilichokiona kwetu ni hiki: hawakupatanishwa na kikao cha ukoo wala hotuba. Walipatanishwa na kazi ndogo iliyowakalisha meza moja kila siku, na maswali ambayo baba hakuwa na majibu yake tayari. Si lazima asubiriwe mgonjwa. Kuna kuku wa kulisha, pikipiki ya kusafisha, shamba la kupalilia.

Na kama kijana wako amekohoa wiki mbili au zaidi, kama anatoka jasho usiku au suruali zimeanza kumpwaya, mwambie akapime. Vipimo vya awali na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya umma, na ugonjwa unapona dawa zikimezwa zote. Akisema ni vumbi tu, usianze na methali. Muulize zahanati anakwenda siku gani, kisha mwende wote.